Utabiri wa Kiti cha Harlan

Jumamosi, 6 Januari

Tess amenipa kitabu hiki Krismasi. Akasema, "Mama, andika kila siku, na uandike kama vile anayesoma hakujui." La kila siku sitaliweza. La pili nitajaribu.

Basi wewe usiyenijua: naitwa Rosalind Kuhn, watu wananiita Roz. Napokea simu kwa daktari wa meno hapa mjini, mwendo wa nusu saa kutoka jiji la Fort Wayne. Na kila Jumamosi mchana, Desemba hadi Machi, nashuka chumba cha chini cha nyumba ya Merle Stauffer kuangalia mpira wa kikapu ambao haupo. Ndani ya kompyuta ya Merle kuna timu nane. Wachezaji wake hawakuzaliwa na mtu. Kompyuta imewatunga, ikawapa majina na vimo, na namba za wanachoweza na wasichoweza. Wanaume wanane ndio wenye timu. Kompyuta inacheza, karatasi za matokeo zinatoka kwenye mashine ya kuchapa, na watu wazima wanagombana. Msimu ukiisha kompyuta inatunga vijana wapya, tunawaita chipukizi, na kila mwenye timu anachagua wake kwa zamu. Timu dhaifu huanza, bingwa huwa wa mwisho.

Mimi sina timu. Mimi huandika utabiri: nani atamchagua nani. Nilianza enzi za ndoa yangu na Harlan, wakati bado tulikuwa tukicheza kwa dadu na kadi, na ndoa ilipokwisha niliendelea, kwa kuwa hakuna aliyejua namna ya kuniambia niache. Tuliachana miaka kumi na moja iliyopita bila kuvunja sahani. Nyumba nikabaki nayo mimi, timu akabaki nayo yeye.

Leo Harlan alingoja mpaka mabakuli ya maharage na nyama yamejaa, kila mtu ameshika mkate wake wa siagi ya karanga, ndipo akasema anahama. Msimu ukiisha anakwenda Florida kwa kaka yake. Goti limemchosha na theluji imemchosha. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya petroli.

Denny Fultz alifuta mdomo. "Kwa hiyo kiti kinabaki wazi."

"Bado nimekikalia, Denny."

"Nasema tu. Yupo Trent."

Trent ni mtoto wa dada yake Denny, ana miaka ishirini na sita, anauza matairi, hana baya na mtu. Vichwa vikaanza kuitikia mezani. Nikasikia sauti inasema, "Mimi nakitaka," na ilikuwa yangu.

Mchungaji Lyle aliacha kutafuna. "Unataka nini, shemeji?"

"Kiti."

Wananiita shemeji. Isipokuwa mzee Wendell, na Ruben anayeniita dada Roz, wote ni shemeji, shemeji, kana kwamba bado nimeolewa na mmoja wao.

Merle ndiye mwenyekiti, na hapendi kelele. Akasema, "Basi ni kanuni ya kiti." Kanuni yenyewe ni hii. Anayetaka kiti husimama siku ya uteuzi, kabla ya zamu ya kwanza, akausoma kwa sauti utabiri wake wa raundi ya kwanza: wachaguzi wanane, majina manane. Akipata sita, kiti chake. Asipopata, jina lake linatoka na kiti anapewa mwingine. Merle aliitunga akisema asiyewajua wenzake asikae nao. Ruben aliingia hivyo, na mchungaji pia. Ugumu wake ni kwamba kila mchaguzi anausikia utabiri kabla ya kuchagua. Asiyekutaka anaweza kukuvuruga, ila atalazimika kumwacha kijana aliyemtamani na kuiumiza timu yake mwenyewe.

"Mimi nitakuvuruga, shemeji," Denny akasema, akichota maharage. "Nakuambia mapema usije ukasema nilikuvizia."

Nikamshukuru kwa taarifa.

Jumapili, 7 Januari

Nakitaka kweli. Nilidhani asubuhi itaniondolea hamu, haikuniondolea.

Jumamosi, 13 Januari

Mvua ya barafu. Timu ya Harlan imeshinda mbili, imepoteza moja. Mimi nilikaa palepale ninapokaa siku zote, kwenye kiti cha kukunja karibu na mashine ya kufulia ya mke wa Merle, nyuma ya mgongo wa Harlan. Mashine ilikuwa inazungusha taulo. Kila inapokamua maji inatikisa kiti changu. Meza ina viti vinane vya mbao, vyote vina mito.

Jumatano, 17 Januari

Meno ya watu. Hakuna jipya.

Jumamosi, 20 Januari

Wendell Osterman alinisindikiza hadi kwenye gari, akinishika kiwiko nisiteleze. Wendell ana miaka sabini na moja, mkewe alifariki, na ni mpole kuliko wote pale.

"Roz, mdogo wangu, usihangaike na mimi," akasema. "Utakayemtaja, ndiye nitakayemchukua. Wewe taja tu."

"Na kama nikitaja asiyefaa?"

"Nimewahi kuchukua anayefaa?"

Hilo ni kweli. Wendell huchagua kwa kulipenda jina. Mwaka juzi alimchukua mtu asiyeweza hata kudunda mpira kwa sababu jina lake lilikuwa la mtaa aliokulia. Nilirudi nyumbani nimechangamka. Mmoja nimempata kabla hata chipukizi hawajatungwa.

Jumamosi, 27 Januari

Harlan ameshinda zote tatu. Denny amepoteza zote tatu, na kila akipoteza ananigeukia mimi.

"Shemeji, unaandika nini humo?"

"Kwamba umepoteza."

"Andika na sababu. Andika kompyuta ya Merle ina chuki."

Merle akasema kompyuta haina hata kadi ya sauti, itapata wapi chuki.

Jumamosi, 3 Februari

Denny kaja na Trent. Kamkalisha kwenye kreti la soda karibu yangu, "azoee." Kijana aliniamkia vizuri, akaniita shangazi. Aliuliza kwa nini Harlan anawapenda warefu hivyo. Nikamwambia hilo nimeliuliza tangu yeye akiwa mtoto mdogo.

Sikutaka kumpenda. Ingekuwa rahisi zaidi angekuwa jeuri.

Jumatano, 14 Februari

Theluji tangu jana, hadi magotini. Daktari amefunga, shule zimefungwa, redio inasoma majina ya barabara zisizopitika mpaka unachoka. Nikasikia koleo nje. Harlan, na lile goti lake, anasafisha njia yangu ya gari. Alikuja kwa miguu. Nilimwita ndani, nikamwekea kahawa na kipande cha pai ya maziwa, tukakaa.

"Mwaka huu utamchagua nani?" nikamuuliza.

"Chipukizi hawajatoka."

"Utamchagua aliye mrefu kuliko wote."

"Si lazima."

"Harlan. Mwaka wa tisini na moja ulimchagua nani?"

Akafikiri. "Alikuwa na futi saba."

"Aliweza kukimbia?"

"Na futi saba akimbie aende wapi?"

Nilicheka, ndiyo. Kisha nikamwambia jambo ambalo nimekuwa nikilisema tangu enzi za dadu: chukua mchezesha timu, mfupi anayeona uwanja mzima, warefu watakuja wenyewe. Nikamkumbusha kwamba mwaka huu anashinda kwa sababu ya yule mfupi aliyepewa kwa kubadilishana, ambaye hata hakumtaka.

"Uliwahi kuniambia hivyo?"

"Kila mwaka. Nikiwa nyuma yako kabisa."

Alikoroga kahawa iliyokwisha kukorogwa. "Nilikuwa nadhani unazungumza na Tess."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatoa maelezo tu. Nilikasirika mpaka nikajishangaa mwenyewe, nikaenda kuosha vyombo, na yeye akarudi kwenye koleo. Alimaliza hadi barabarani, akachonga kingo zikanyooka vizuri.

Alhamisi, 15 Februari

Kumbe ndiyo sababu nakitaka kiti. Nimechoka kusema na mgongo wa mtu.

Jumamosi, 24 Februari

Msimu umeisha. Harlan bingwa, kwa mara ya kwanza tangu tuachane. Karatasi ya mechi ya mwisho ilipotoka, wanaume walimpiga mabega, naye akatazama huku na huku kama anatafuta kitu, akaniona, akanyanyua kikombe. Mfupi wake alikuwa ametoa pasi kumi na tano. Nilinyanyua changu.

Maana yake ni kwamba siku ya uteuzi Harlan atakuwa wa nane. Na raundi ya pili hurudi nyuma, wa nane akaanza tena papo hapo. Zamu hiyo ya tisa itakuwa ya atakayerithi kiti.

Jumamosi, 3 Machi

Theluji inayeyuka, barabara zote ni tope. Merle amegawa orodha ya chipukizi. Kompyuta mwaka huu imekuwa na mkono mzuri: Deshawn Pickerel, anayefunga kutoka popote. Lamont Birdsong, mlinzi. Oskar Tvedt, futi saba na inchi mbili, ambaye namba zake za kukimbia ni za mtu aliyebeba jokofu. Na chini kabisa ukurasa wa pili, Ignazio Marchetti, futi tano na inchi tisa. Wote wamempita bila kumtazama. Nimetazama namba yake ya pasi mara tatu nikidhani ni kosa la uchapaji.

Harlan alishika orodha kwa mikono miwili. "Futi saba na inchi mbili," akasema polepole.

Huyo simhangaikii. Kati ya wanane wote, Harlan ndiye pekee nisiye na haja ya kumfikiria.

Jumamosi, 10 Machi

Hakuna mechi, lakini walikutana kucheza karata, nikaenda kuwasikiliza. Nina fursa ya kukosa wawili. Pacha wa Zollinger, Arlo na Vern, hawafichi kitu: Arlo anataka mkimbiaji wa kasi, Vern anamtaka Birdsong, kalizungushia jina wino mwekundu. Ruben ana zamu ya kwanza na atafanya la akili. Mchungaji atamchukua kijana mwenye mitupo huru mizuri, anaamini inaonyesha tabia. Merle hufuata namba za kompyuta kama maandiko. Wendell ameahidi, na amewaambia wote mezani. Anabaki Denny.

"Umeniandikia nani, shemeji?" akaniuliza, akigawa karata.

"Utamsikia siku hiyo."

"Haidhuru. Utakayemsoma, mimi nitamruka. Ukisoma Pickerel, namruka Pickerel."

"Umemtaja Pickerel mwenyewe."

Wakacheka. Denny akawa mwekundu mpaka masikioni, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Sikiliza, sina ugomvi na wewe. Trent hana baba. Nataka awe na mahali pa kukaa Jumamosi na watu wenye akili zao, au walau watu." Akaendelea kugawa.

Jumanne, 13 Machi

Nimeota Marchetti. Hakuwa na sura. Alitoa pasi.

Alhamisi, 22 Machi

Utabiri umekwisha. Nimemaliza leo baada ya kazi, kwenye meza ya mapokezi, madirisha wazi kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Denny ndiye aliyenishikilia wiki nzima. Ningeweza kumwandikia jina la uongo, na kumhesabu kama mmoja kati ya wawili wa kukosa. Lakini Denny hajapata ubingwa miaka kumi na tano, na nimemtazama akimtazama Pickerel kwenye karatasi ile. Nimeandika Pickerel. Sidhani Denny ananipinga kwa nguvu kuliko anavyotaka kushinda.

Harlan nimemwandikia Tvedt bila kunyanyua kalamu. Atalichukua jitu lake, mimi nitapata kiti, na zamu ya tisa nitamchukua Marchetti, ambaye hakuna mwingine anayemtaka. Jitu nitalirithi nalo, litafute pa kukaa.

Jumamosi, 24 Machi

Nitaandika yote, polepole.

Mvua ya kawaida, hakuna baridi. Mke wa Merle alikuwa ameoka, harufu ya mdalasini imejaa chumba cha chini. Wote wanane mezani, Trent kwenye kreti. Nilisimama mbele ya mashine ya kufulia, nikasoma. Ruben, mchungaji, Arlo, Wendell, Denny, Vern, Merle, Harlan, na jina la kila mmoja wao. Nilipofika kwa Denny, "Deshawn Pickerel," aliguna. Nilipofika kwa Harlan, "Oskar Tvedt," watu walicheka, na Harlan mwenyewe akacheka.

Merle akakumbusha: hakuna kuhesabu mezani. Nani katabiriwa sawa na nani kakoswa hakusemwi mpaka zamu ya nane, ili wa mwisho wasichague kwa kuangalia hesabu. Sawa, tukaanza.

Ruben alichagua niliyemtaja. Akanikonyeza. Mchungaji alichagua niliyemtaja, akasema mitupo huru ya kijana yule imemgusa. Arlo alichagua niliyemtaja.

Ikawa zamu ya Wendell. Wendell huchukua muda, na kila mwaka zamu yake ndiyo mapumziko. Vern alipanda kuchukua soda. Harlan alikwenda nje kuvuta sigara. Alipompita Wendell alimgusa bega, akasema, "Fanya kama ulivyoahidi, mzee," akatoka.

Wendell alivaa miwani. Aliivua. Alinitazama kwa ule upole wake wote, kisha akatazama karatasi tena.

"Nilikuwa melini na kijana aitwaye Birdsong," akasema. "Mwaka wa hamsini na nane. Alikuwa akiimba huku anamenya viazi."

"Wendell," Merle akasema taratibu.

"Namchukua Birdsong."

Hakufanya kwa kunidhuru. Naamini kufikia hapo alikuwa ameshasahau kabisa kwamba nipo. Nikakaa kwenye kiti cha kukunja. Kumkosa Wendell ni mmoja. Lakini Birdsong nilikuwa nimemwandikia Vern, kwa hiyo na Vern nimemkosa. Wawili wamekwisha, na Denny ndiye anayefuata.

Vern alirudi na soda, akaambiwa, akatukana. Harlan alirudi ananuka tumbaku na mvua, akaketi. Hakuna aliyesema kitu kuhusu Wendell, maana ndiyo kanuni, na karatasi ya waliokwisha kuchaguliwa ilikuwa imelala mbele ya Merle.

Denny aliinama mezani. Alimtazama Trent. Alinitazama mimi. Kisha akafanya uso wa mtu anayekunywa dawa ya kikohozi.

"Pickerel," akasema. "Na asiniulize mtu." Kisha, kwangu, kwa sauti ya chini, "Mchawi wewe."

Vern akachagua mwingine, kwa hasira, kama nilivyojua. Merle akasoma namba, akachagua niliyemtaja. Nilikuwa na watano. Amebaki Harlan peke yake, na Harlan alikuwa na Tvedt pale, hajaguswa, futi zake zote saba. Naona aibu kuandika hili, lakini nilishachagua kwa macho mahali nitakapoweka mto wangu.

Harlan alisimama. Hakuna anayesimama kuchagua. Alikunja karatasi yake, akasafisha koo.

"Ignazio Marchetti," akasema.

Kisha akanigeukia. Akavuta kiti chake kutoka mezani, akakishika mgongo kwa mikono miwili, uso umemjaa furaha ambayo sijaiona tangu Tess alipozaliwa. "Karibu, Roz. Nimekuachia yule mfupi. Ulisema nisikie, nimesikia."

Merle aliitazama karatasi iliyo mbele yake.

"Harlan," Merle akasema, "ana watano."

"Ana sita. Nimehesabu. Ruben, mchungaji, Arlo, Wendell, Denny, wewe. Hamsemi lakini kuhesabu kichwani hamkukataza."

"Wendell hakufuata."

"Wendell aliahidi."

Wendell alikuwa anaangalia mikono yake. "Nilimwona Birdsong, Harlan," akasema. "Samahani. Nilimwona Birdsong."

Harlan alibaki ameshika kile kiti. Alinitazama, na niliona jambo lile likimwingia kidogo kidogo, mpaka midomo ikawa nyeupe.

Denny ndiye aliyezungumza. "Achague tena. Hesabu imemponyoka, hakuna aliyeumia. Huyu mama kanisoma mpaka nimeona haya. Harlan, mchukue huyo mlingoti wako, shemeji akae, tule."

Mchungaji akasema amina kwa hilo. Ruben akagonga meza. Hata Trent, kwenye kreti, alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na kiti kingekuwa chake. Merle alinitazama mimi. Alisema, "Nikisikia kwako, nitaandika Tvedt."

Nilikitaka kile kiti. Neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nikaona Jumamosi zote zilizo mbele: kila nikishinda, mtu mmoja atasema kwa utani, si tulimwonea huruma shemeji, na wote watacheka kwa upendo, na itanibidi nicheke nao. Ningekaa mezani na bado ningekuwa kwenye kiti cha kukunja.

"Chaguo likishatamkwa limetamkwa," nikasema. "Andika Marchetti."

"Roz," Denny akasema. Mara ya kwanza kuniita hivyo.

"Andika, Merle."

Akaandika. Trent akapewa kiti, wakanyanyua mikono yote haraka haraka ili ipite. Alikaa pembeni mwa mto kana kwamba una unyevu. Zamu ya tisa ikawa yake, mara moja. Alizunguka akanitazama nilipo nyuma yake.

"Shangazi, nimchukue nani?"

"Yeyote asiye na futi saba," nikasema, na ndipo watu wakapata ruhusa ya kucheka. Nilicheka pia. Kisha nilipanda ngazi, nikaingia kwenye gari, nikalia.

Jumapili, 25 Machi

Sikuamka kwenda kanisani. Simu imelia mara nne. Sikupokea.

Jumatano, 28 Machi

Wendell kaniletea boksi la machungwa kazini. Hakusema kitu, nami sikumsaidia kusema. Baadaye niliona nimemwonea, nikampigia.

Jumamosi, 31 Machi

Harlan alipita saa nne, gari limejaa, kitanda kimefungwa juu kwa kamba. Hakutaka kuingia. Tulisimama barazani.

"Umekasirika," akasema.

"Sana."

"Nilidhani nakupa kitu."

"Ulinipa. Ndilo linalonikasirisha."

Alitazama njia ya gari, ambayo sasa ni tope tupu. Akasema alikaa na ile karatasi wiki tatu. Akasema kila alipofika kwenye jina la Tvedt alisikia sauti yangu nyuma ya shingo, ikisema yale yale, na safari hii alijua haizungumzi na Tess. "Nikasema, mara moja tu kabla sijaondoka, nifanye anavyosema. Nilitaka uone."

"Nimeona, Harlan."

"Ningekuwa nilivyo siku zote, ungepata kiti."

"Ungekuwa ulivyo siku zote, ningepata kiti."

Alingoja niongeze neno. Nilimfunga vifungo vya koti, kwa sababu upepo ulikuwa bado na baridi, nikamwambia aendeshe polepole na asilale njiani kwenye hoteli za bei ya chini. Aliondoka. Alipiga honi kwenye kona.

Nilimwambia mtu yule jambo moja kwa miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka yote hiyo nilijua kwa hakika kwamba hanisikii. Utabiri wangu wote niliujenga juu ya hilo.